Uso wa Mwenye Nyundo

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekubali kazi na nimeshaanza kujuta. Picha za Njia ya Msalaba kanisani zimeoza. Zilikuwa za karatasi, za kununua, na mvua za mwaka jana zimempandisha Yesu ukungu hadi kwenye ndevu. Paroko anataka zichorwe upya ukutani, vituo vyote kumi na vinne. Msimu huu wa mvua nichore kwa mkaa tu. Ukuta ukikauka Januari nitie rangi, Kwaresma ikute kazi imekwisha.

"Mkaa unafutika," alisema. "Utakosea kwa raha zako."

Nikamwambia mimi ni mchora mabango. Nimechora vichwa vya vinyozi, matairi, soli za viatu, na meno ya daktari wa meno yanayocheka peke yake bila mwenye mdomo. Akasema ndiyo maana ananitaka. Kisha akatoa masharti. Nisinakili picha za kalenda. Nyuso ziwe za watu ninaowaona. Na kabla ya kugusa ukuta nikae mbele yake kimya, nisome kile kituo, nikae tena. Jioni niandike nilichoona, maana kwake yeye kuandika nako ni kusali. Ndiyo hili daftari.

Leo nimekaa. Nimeona ukuta.

Sijakanyaga kanisa lile tangu mama azikwe. Na mwalimu wa kwaya pale ni kaka yangu. Kwa leo inatosha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua imeanza kwa fujo. Kituo cha kwanza, Pilato ananawa mikono. Nimempa uso wa bwana mmoja wa ofisi ya ardhi, yule ambaye kila ukimwendea faili lako liko kwa mwenzake. Amekaa pale ukutani kama amezaliwa kwa kazi hiyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Mwenyekiti wa kamati amekuja kukagua, mwavuli mkono huu, viatu mkono huu. Alimtazama Yesu wangu kwa muda, akazunguka, akamtazama kwa upande wa pili.

"Fundi," akasema, "huyu kanyolewa kwa nani?"

Nilitaka kumjibu jibu la mtu mzima, lakini nilipotazama niliona kweli. Ukingo wa nywele umechongwa kwa wembe, ndevu zimepunguzwa pembeni. Nimemtoa bango la kinyozi nikamtundika msalaba begani. Miaka ishirini mkono umezoea kuwapendezesha watu. Nimemfuta huku nikitukana kimoyomoyo, ndani ya kanisa, Mungu akisikia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Paroko akauliza, "Umekaa?" Nimekaa. "Umesikia nini?" Mvua.

Jumanne, 21 Oktoba

Kituo cha nne. Yesu anakutana na Mama yake.

Nilikaa kama nilivyoagizwa. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye ile kona ya kisima cha ubatizo, ambapo kila mwaka paa linazibwa na kila mwaka linafunguka. Nikasoma. Nikashika mkaa, nikachora duara la uso wa Mama, na hapo mkono ukagoma.

Nitaandika hapa nisichotaka kumwambia mtu. Nikimwambia mke wangu atasema nisamehe, na nikilisikia tena neno hilo nitavunja chombo.

Mama alikuwa anauguzwa kwa kaka. Mwaka jana shule zilipofungwa nilipata kazi mji mwingine, mtaa mzima wa maduka, nikaondoka na mke wangu na watoto. Simu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa na chaji. Siku ile ililia zaidi ya mara moja: mwenye duka la viatu akitaka herufi zinenepe, mtu mwingine aliyekosea namba. Kaka hakupiga. Mama alikufa alfajiri, akazikwa kesho yake. Watu walipouliza mdogo wako yuko wapi, kaka akawaambia hapatikani. Nilipata habari kwa jirani aliyenipigia baadaye kunipa pole, akidhani najua. Nikamwambia pole ya nini?

Nilipofika kaburi lilikuwa limeshasakafiwa. Saruji ilikuwa bado na alama za mwiko.

Sikuuona uso wake. Mtu mzima mimi, mtoto wa mama yangu, nimeoneshwa sakafu.

Kaka hajasema hata samahani. Kila Jumapili anasimama mbele ya watu, anainua mikono yake ile, kwaya inafungua mdomo, na akina mama wanatikisa vichwa kwa utamu. Mwaka mzima nikimwona barabarani navuka. Shikamoo yangu hajaisikia wala hataisikia.

Na wewe Mungu, kwa kuwa nimeambiwa huku ni kusali, basi nisikilize. Siku ile ulikuwepo. Hata wewe hukunipigia.

Kituo cha nne kimebaki duara.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikwenda.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeruka hadi kituo cha kumi na moja. Yesu anapigiliwa misumari. Nyuso ziwe za watu ninaowaona, si ndivyo alivyosema? Basi mwenye nyundo ni kaka yangu. Leo sikukaa wala sikusoma. Mkaa ulikwenda wenyewe: nyusi, meno, mshipa wa shingo. Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili. Mke wangu akaniuliza leo kuna nini. Nikamwambia kazi imenikubali.

Alhamisi, 30 Oktoba

Paroko alisimama mbele ya mwenye nyundo wangu, mikono nyuma.

"Huyu nani?"

"Askari."

"Mh. Mimi naona tangazo la sumu ya panya. Meno yote haya ya kazi gani?"

"Ni mtu mbaya, Padri."

"Umemwona wapi?"

"Namfahamu vizuri sana."

"Sijakuuliza kama unamfahamu. Nimekuuliza umemwona lini."

Mtu ukimkwepa mwaka mzima unabaki na kile ulichojichorea mwenyewe kichwani. Hata sikukumbuka kama siku hizi ana mvi. Nimekasirika kwa sababu Paroko amesema kweli, na hakuna mtu anayeudhi kama msema kweli aliyeweka mikono nyuma.

Nimemfuta. Nitamchora tena, na safari hii kila mtu atamjua.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda mazoezi ya kwaya, nikakaa nyuma ya nguzo na ubao wangu magotini. Mvua ilisaidia, hakuna aliyegeuka. Nimemchora kaka mara nyingi, upande, mbele, ameinama, ameinua mikono. Ana mvi. Bega la kulia limeshuka. Sauti nene zikikosea hafoki; anafumba macho na kusubiri, kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. Nilikuwa natafuta ubaya. Nimejaza kurasa na sijaupata hata wa kujaza kijiko.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimerudi tena nyuma ya nguzo. Yuko vile vile. Hasira zangu zimeongezeka. Kama mtu amekutenda unyama basi awe na adabu, uonekane usoni, wengine tujue pa kuanzia.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nilikaa kwanza. Nilisoma mstari wa kituo cha kumi na moja mpaka maneno yakaisha ladha. Nikajiuliza, yule mtu aliyeshika nyundo siku ile, uso wake ulikuwaje hasa? Nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote. Fundi akishika msumari kwa vidole viwili na nyundo imeinuliwa, hana sura ya chuki. Anabana mdomo. Anatazama kichwa cha msumari. Hamtazami mtu mwingine yeyote, na msumari unaingia kwa sababu hiyo hiyo.

Nikamchora kaka hivyo. Mdomo umebanwa, macho kwenye msumari, bega la kulia limeshuka. Hakuna jino hata moja. Mikono nimeinakili kutoka karatasi nilizochora kwenye mazoezi ya kwaya, ile ile anayoinulia nyimbo.

Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili. Ni yeye. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeifanya kwa nia mbaya. Sijui Mungu anaiweka wapi kazi ya namna hiyo.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikwenda misa, nikasimama mlangoni eti naangalia unyevu.

Walimwona. Kwanza mtoto mmoja akanyoosha kidole, mama yake akampiga kofi la mkononi, kisha mwenyewe akatazama na kuziba mdomo. Misa ilipokwisha kundi zima likawa kwenye kituo cha kumi na moja. Wanakwaya wa sauti ya kwanza wakacheka, mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe na siku ile ulikuwepo!" Kaka akaja. Watu wakampisha. Akatazama kwa muda mrefu, nami nikimtazama yeye, na nakiri moyo ulinidunda kwa furaha. Siku hii nimeingoja mwaka mzima. Nilitaka ainamishe kichwa mbele ya watu wote wale aliowadanganya.

Hakuinamisha. Alisogea karibu na ukuta, akavaa miwani, akatazama mikono. Kisha akavua miwani akatoka nje mvuani bila mwavuli.

Mama Mwenyekiti alinikamata mlangoni. "Fundi, futa hiyo kabla ya Jumapili. Hapa ni kanisani, sio mtandaoni." Paroko akasema kwa upole wake ule ule wa kuudhi, "Mwenye uso ndiye aseme."

Jumatatu, 17 Novemba

Mke wangu ametua kikombe cha chai mezani mpaka kijiko kikaruka. "Umeshamsulubisha nani sasa?" akauliza. Nikamwambia kwenye picha mimi sisulubishi, naonesha aliyesulubisha. Akasema, "Haya. Kunywa chai yako, nabii."

Jumatano, 19 Novemba

Kaka amekuja.

Nilikuwa peke yangu kituo cha kumi na mbili, nachonga mkaa. Niliijua hatua yake kabla sijageuka. Sikumwamkia. Naye hakungoja kuamkiwa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mwenye nyundo.

"Umenipatia," akasema. "Hasa hapa mdomoni. Shemeji yako ananiambia nikiwa na kazi nabana mdomo hivi hivi."

Nikaendelea kuchonga.

"Kamati wameniuliza nasemaje. Nimewaambia nisifutwe."

"Unataka sifa hata hapo?"

"Hapana." Akakaa kwenye benchi, kofia inadondosha maji sakafuni. "Simu yako ilikuwa inapatikana, mdogo wangu. Sikupiga."

Mkaa ukanivunjikia mkononi.

"Wala sikujaribu nikashindwa. Niliishika simu, nikalitazama jina lako, nikaiweka. Unataka kujua kwa nini?"

Nilitaka na sikutaka.

"Miezi minne nimembeba. Chooni mimi, kuoga mimi, kijiko mdomoni mimi. Na kila jioni anauliza, 'Yuko wapi mdogo wako? Amekula? Amesharudi?' Nimemshika hapa," akagusa kifua, "na ananiulizia wewe. Wewe uliyekuja na machungwa mara mbili, ukamchekesha, ukaondoka. Mimi sikuwahi kumchekesha. Asubuhi ile alipokata roho mikononi mwangu, nikasema, leo angalau huyu ni wangu. Siku moja tu. Halafu siku moja ikawa mbili, na aibu ikaniziba mdomo, mpaka leo."

Kuna watu wanasema ukweli ukisemwa moyo unatulia. Waongo. Nilimrushia kopo la mkaa, zima, na vumbi lake. Lilimpiga begani. Nikapiga kelele ndani ya kanisa, nikamwita mwizi. Nikamwambia mtu huiba ng'ombe, huiba gari, huiba mke, lakini yeye ameiba maiti ya mama yangu, akaificha chini ya saruji ili awe mtoto peke yake. Alikaa tu, uso mweusi kwa vumbi. Akasema, "Ndiyo." Ndilo lililonimaliza. Nimejiandaa mwaka mzima kubomoa mlango, na mwenyewe akaufungua.

Aliinama akaokota vipande vya mkaa kimoja kimoja, akavirudisha koponi, akaondoka.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimepiga kituo cha kumi na mbili chote kwa siku moja. Msalaba umekwaruzwa ukutani hadi chokaa imebanduka. Paroko akaniuliza nimesikia nini leo. Nikafungua mdomo nimwambie mvua, ikatoka, "Kumbe alikuwa ananiulizia." Nikatoka nje haraka. Sipendi mtu anione.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemwambia mke wangu yote. Nilijiandaa kwa lile neno. Hakulisema. Alilia kwanza, maana alimpenda mama, kisha akajifuta na upande wa khanga akasema, "Kila jioni alikuwa anakuulizia."

"Ndiyo."

"Na yeye kila jioni alikuwa anasikia."

Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa vyombo, maana vinaosheka. Akainuka akaenda kuviosha.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua. Ukuta wa kaskazini unatoa jasho. Sikuchora.

Jumatatu, 1 Desemba

Vile vya katikati nilivyoviruka nimevichora wiki hizi. Vimebaki vitatu: kile cha nne, na viwili vya mwisho. Leo nimekaa mbele ya kituo cha kumi na tatu. Yesu anashushwa msalabani, Mama yake anampakata.

Nimechora mikunjo ya nguo. Nimechora ngazi. Nimechora hadi kamba ya ngazi. Mambo ya kukwepa yalipoisha nikabaki na yule aliyelala. Sijui uso unakuwaje. Simaanishi maiti ya barabarani, hiyo nimeiona. Namaanisha uso wa mtu uliyempenda, dakika ile ile, bado una joto, na aliyemshika bado hajajua aanze kumlaza vipi. Mikono inakaa wapi? Kichwa kinaangukia upande gani? Kalenda zote zinamchora kama amesinzia. Ni uongo, naujua ni uongo, lakini ukweli wake sijauona. Nilikuwa na haki ya kuuona mara moja katika maisha yangu.

Katika mji huu mzima anayeujua ukweli huo wa mama yangu ni mtu mmoja.

Alhamisi, 4 Desemba

Kwa siku mbili nimezunguka na jambo hili nikibishana nalo. Leo nimekwenda dukani kwa kaka, anapouza vipuri. Alikuwa anamhesabia mteja mikanda ya injini. Nilisimama kaunta kama mteja. Mteja alipotoka nikasema kila kitu kwa pumzi moja, nisije nikaghairi.

"Sijaja kupatana. Wewe ulimshika, mimi sikumshika. Ulichonacho ni changu nusu. Jumanne uje kanisani unioneshe ulivyomshika. Na uso wake uniambie ulivyokuwa, bila kuupamba."

Aliweka mikanda chini. "Nitafunga duka," akasema.

Jumanne, 9 Desemba

Leo mvua ilikuwa nyepesi, mwanga ulikuwepo. Kaka alifika amevaa shati la kazi. Nilimkalisha kwenye ngazi ya altare, nikampa zulia la zamani lililokunjwa, refu na zito, nikamwambia, huyu ndiye. Nilidhani atacheka. Alilipokea kwa mikono miwili. Akalisogeza, akalisogeza tena, goti moja akaliinua, mkono wa kulia akaupitisha chini ya mahali ambapo mabega yangekuwa. Kisha akatulia, na nikajua ni hapo. Nisingeweza kubuni mkao ule. Kiganja cha kushoto kilikuwa chini ya kisogo, vidole vimefunguliwa, kama unavyomshika mtoto mchanga.

Nikaanza na mikono. Ni ile ile niliyoichora kwenye nyundo, ninaijua kila kifundo. Nikauliza bila kumtazama.

"Kichwa?"

"Kwangu. Kiliniangukia hapa kwapani."

"Macho?"

"La kulia lilifumba. La kushoto lilibaki wazi kidogo. Nililifumba, likarudi. Nikaliacha."

Nikachora jicho la kulia, nikachora la kushoto. Mkono haukugoma.

"Alikuwa na maumivu?"

"Umesema nisipambe."

"Ndiyo."

"Usiku alikuwa nayo. Asubuhi hapana. Paji la uso lilikuwa limelegea, ile mikunjo miwili ya katikati ilipotea. Alikuwa kama mdogo wake mama, sio mama mwenyewe."

Nikafuta mikunjo. Uso uliokuwa unatoka ukutani ulikuwa na ndevu za Yesu na paji la mama yangu, na haukuwa wa kalenda wala wa bango. Machozi yalinijaa, nikaendelea kuchora hivyo hivyo.

"Mdomo ulifumba?"

Zulia lilikuwa limeanza kumlemea, mkono wa kushoto unashuka.

"Hapana," akasema. "Ulikuwa wazi kidogo. Kama mtu anayetaka kuuliza."

Nilisimama na mkaa hewani. Wote wawili tulijua alikuwa anataka kuuliza nini. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, ile ile ya mwaka jana, haijapungua hata kidogo, na nikaona kwamba ninaweza kuchora nikiwa nayo. Nikauchora mdomo. Wazi kidogo.

Ndivyo mama yangu alivyokuwa. Nimemwona leo.

"Bado nina hasira na wewe," nikamwambia.

"Najua."

"Huenda zisiishe."

"Najua, mdogo wangu."

"Basi inua huo mkono wa kushoto. Kichwa kinamwanguka."

Akauinua.